Chembe Zinazoshikilia Ufa: Namna ya Kuchagua Mchanga wa Visima Virefu Katika Miamba Migumu ya Ngara na Biharamulo

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa fundi wa visima virefu anayefanya kazi Nemba, katika ukanda wa Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, methali hiyo hugeuka. Chini ya ardhi yenye mwamba mgumu, ufa ndio mali. Maji hupita humo, na ufa ukijifunga, kisima hukauka hata kama mwamba wa jirani umejaa maji.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo ambacho kila kamati ya maji inakifahamu: mwananchi wa kijijini apate angalau lita 25 za maji kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka makazi yake, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Hesabu yake ni nyepesi. Watu 250 wakipata lita 25 kila mmoja, kituo hicho kinapaswa kutoa lita 6,250 kwa siku. Kisima kinachotoa lita 700 kwa saa hukamilisha kiasi hicho kwa muda wa saa tisa. Kinachotoa lita 300 kwa saa huhitaji karibu saa 21, maana yake mama atapanga foleni usiku wa manane au atarudi kwenye kidimbwi cha bondeni.

Tofauti kati ya visima hivyo viwili mara nyingi ni upana wa nyufa chache tu ndani ya mwamba. Ndiyo sababu wataalamu wa maji katika nchi zenye miamba migumu hutumia mbinu ya kupasua mwamba kwa shinikizo la maji, na ndiyo sababu swali la chembe zipi zitumike kushikilia ufa usijifunge linastahili kueleweka na wananchi wanaochangia gharama.

Miamba inayoficha maji

Wilaya ya Biharamulo ina sehemu kubwa yenye miamba ya kale sana ya itale na jamii ya miamba yenye dhahabu, ile inayoendelea hadi Geita, yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Upande wa Ngara, kuelekea mipaka ya Rwanda na Burundi, imetawala miamba ya shisti na kwatsaiti ya ukanda wa Karagwe na Ankole. Vilima virefu vya Ngara vimesimama kwa sababu kwatsaiti haikubali kumomonyoka kirahisi, na mabonde yamechimbika pale penye shisti laini.

Miamba hiyo yote ina tabia moja: yenyewe haihifadhi maji kama mchanga wa pwani unavyohifadhi. Maji hukaa sehemu mbili. Ya kwanza ni tabaka la juu, ambako mwamba umeoza kwa mvua na joto la maelfu ya miaka hadi kuwa udongo wenye chembechembe. Ya pili ni nyufa zilizomo kwenye mwamba mzima ulio chini yake. Kisima kikikosa ufa, au kikikuta ufa uliozibwa na udongo wa mfinyanzi, hutoa maji kidogo. Kisima kingine kilicho mita chache kutoka hapo kinaweza kutoa maji mengi. Kwa eneo kama Nemba, kukisia hakufai. Upimaji wa kitaalamu wa miamba hufanyika kwanza.

Namna mwamba unavyopasuliwa

Kisima kikishachimbwa na kupimwa, na kikaonekana kutoa maji kidogo, fundi hushusha kizibo imara cha mpira hadi chini ya bomba la kinga, kwenye sehemu ya mwamba mgumu. Kizibo hujazwa hadi kikabane kuta za kisima. Kisha maji safi husukumwa chini yake kwa pampu yenye nguvu. Katika visima vya maji shinikizo hilo kwa kawaida huwa kati ya megapaskali 3 na 20. Kwa kulinganisha, tairi la gari dogo hubeba takriban megapaskali 0.2.

Shinikizo hupanda, kisha hushuka ghafla. Mshuko huo ndio ishara kwamba ufa wa zamani umefunguka na kusafishwa, au ufa mpya umezaliwa na kuungana na mtandao wa nyufa ulio mbali na kisima. Mbinu hii imetumika kuongeza maji katika visima vya itale nchini Zimbabwe, katika jimbo la Maharashtra nchini India, nchini Sweden na katika majimbo ya kaskazini mashariki mwa Marekani. Haiumbi maji mahali pasipo na maji. Kazi yake ni kufungua njia.

Tatizo huanza pampu inapozimwa. Uzito wa mwamba ulio juu na mbano wa mwamba ulio pembeni hutaka kuufunga ufa tena. Hapo ndipo huja propanti, yaani chembe ngumu zinazosukumwa pamoja na maji zikae ndani ya ufa na kuushikilia kama nguzo ndogo ndogo zinavyoshikilia dari.

Asili ya propanti

Mbinu hii ilianzia kwenye visima vya gesi na mafuta. Jaribio la kwanza lilifanyika mwaka 1947 katika eneo la gesi la Hugoton, jimbo la Kansas nchini Marekani, na halikuongeza gesi kwa kiasi kilichotarajiwa. Tarehe 17 Machi 1949 kazi mbili za kwanza za kibiashara zilifanyika katika majimbo ya Oklahoma na Texas. Propanti ya miaka hiyo ilikuwa mchanga wa mtoni uliochekechwa. Baadaye wahandisi walijaribu maganda ya jozi, shanga za kioo na hata chembe za alumini, wakitafuta kitu kisichopondeka.

Leo zimebaki familia tatu kubwa. Ya kwanza ni mchanga wa kwatsi, ulio wa bei nafuu na wenye uzito wa takriban mara 2.65 ya maji. Ya pili ni mchanga huohuo uliopakwa resini, utomvu mgumu unaozuia vipande vilivyovunjika visisambae. Ya tatu ni chembe za kauri zinazochomwa tanuruni, zikiwemo za boksaiti, ambazo ni ngumu kupita zote, ni ghali zaidi, na uzito wake unaweza kufikia mara 3.6 ya maji.

Sifa nne za chembe bora

Sifa ya kwanza ni umbo. Chembe ya duara huacha nafasi kubwa kati yake na jirani yake, nayo hugawana mzigo kwa usawa. Chembe yenye pembe hujipanga kwa kubanana, na pembe zake huvunjika mapema na kuwa unga unaoziba njia. Viwango vya kimataifa vya propanti hutaka mchanga uwe na alama ya uduara isiyopungua 0.6, na kauri 0.7, ambapo 1 ni duara kamili.

Sifa ya pili ni ukubwa na ulinganifu wake. Urahisi wa maji kupita kati ya chembe huongezeka kwa mraba wa kipenyo. Chembe za milimita 0.6 hupitisha maji mara nne zaidi ya chembe za milimita 0.3, mengine yote yakiwa sawa. Hata hivyo chembe kubwa haziingii kwenye ufa mwembamba. Kwa kawaida ufa unapaswa kuwa mpana angalau mara tatu ya kipenyo cha chembe ili zisikwame mlangoni. Ulinganifu nao una uzito wake. Chembe ndogo zikichanganyika na kubwa hujaza nafasi zilizobaki, na njia hupotea. Kwa daraja linalotumika sana, lenye chembe za milimita 0.425 hadi 0.85, viwango hutaka angalau asilimia 90 ya chembe ziwe ndani ya mipaka hiyo.

Sifa ya tatu ni uimara dhidi ya mbano. Mchanga mzuri wa kwatsi huhimili takriban megapaskali 35 hadi 40 kabla ya kuanza kupondeka kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Uliopakwa resini huhimili zaidi, na kauri ya boksaiti hupita megapaskali 100.

Sifa ya nne ni usafi. Chembe zisiwe na udongo wa mfinyanzi, ulanga, chokaa wala kutu. Udongo huziba, ulanga hujipanga kama vigae, chokaa huyeyuka, na kutu hubadili rangi na ladha ya maji.

Uimara kiasi gani unatosha?

Hapa ndipo fedha za kijiji huokolewa au kupotea. Mfanyabiashara anaweza kuisifia kauri kwa ugumu wake, na maneno yake yakawa ya kweli kabisa. Swali la kamati liwe: ugumu huo unahitajika kwa kina gani?

Chukua kisima cha mita 100. Mwamba una uzito wa takriban kilo 2,700 kwa kila mita ya ujazo. Mzigo wa mwamba kwenye kina hicho ni karibu megapaskali 2.6. Hata tukikadiria kwamba mbano wa pembeni ni mara mbili ya huo, haufiki megapaskali 6. Mchanga safi wa kwatsi unaohimili megapaskali 35 una akiba kubwa ya nguvu. Kauri ni muhimu kwa kisima cha gesi chenye kina cha mita 3,000 au zaidi, ambako mzigo wa mwamba hukaribia megapaskali 80. Kwa kisima cha maji cha kijiji ni kununua nguvu ambayo haitatumika kamwe.

Tena uzito wa kauri ni hasara ya pili. Chembe nzito hutua upesi, hivyo katika visima vya gesi huchanganywa na maji yaliyofanywa mazito kwa unga wa mbegu za guari na kemikali nyingine ili zielee hadi ndani ya ufa. Katika kisima cha maji ya kunywa, mchanganyiko huo haufai. Maji safi yaliyotiwa dawa ya klorini ndiyo yanayopaswa kutumika, na chembe nazo zioshwe na kutiwa dawa hiyohiyo kabla ya kushushwa.

Kwa hiyo kamati ya Nemba ingelipia zaidi umbo, ulinganifu na usafi. Nguvu tayari ipo ndani ya mchanga wa kawaida wa kwatsi.

Kinachopatikana jirani na hatari zake

Nyenzo nne ndizo huonekana kwanza kwa macho ya mkandarasi anayetaka kupunguza gharama ya usafirishaji.

Vijiwe vya moramu hudanganya kuliko vyote. Vingi ni vya mviringo, vinang'aa, na vipo kila mahali barabarani. Lakini ni donge la kutu ya chuma na udongo. Hupondeka kwa vidole au kwa kisigino, na hutia maji rangi nyekundu.

Kokoto za kwatsaiti iliyopondwa kwa nyundo au mashine zina ugumu wa kutosha, kwa kuwa karibu zote ni kwatsi. Kasoro yake ni pembe kali. Zinafaa kwa zege, lakini kama propanti zitabanana na kuvunjika pembeni.

Mchanga unaotokana na itale iliyooza karibu na mlima una kwatsi, ulanga na feldspa. Feldspa huendelea kuoza na kuwa udongo wa mfinyanzi. Mchanga huu hauna budi kuoshwa na kuchekechwa, na mara nyingi sehemu kubwa yake hutupwa.

Mchanga wa mtoni uliosafiri mbali ndio wenye matumaini zaidi, kwa sababu maji yameshavunja sehemu dhaifu na kulainisha pembe. Hata hivyo kila shehena ipimwe, kwa kuwa mto mmoja huweza kuwa na mchanga bora kwenye kona moja na tope kwenye kona inayofuata.

Pale ambapo propanti haihitajiki

Katika itale ngumu, mara nyingi kuta za ufa zikishafunguliwa husogea kidogo na hazirudi kukutana sawasawa. Mikwaruzo yake hujishikilia yenyewe. Visima vingi vya maji vilivyopasuliwa kwenye itale havikutiwa chembe zozote. Fundi mwaminifu atapasua kwanza, atapima maji, na ataleta hoja ya propanti ikiwa utoaji unashuka baada ya siku kadhaa.

Katika shisti laini hali ni nyingine. Kuta zake huteleza na hutoa udongo, na ufa hujifunga. Hapo chembe zina kazi, ingawa zinaweza kuzama ndani ya kuta laini. Mtaalamu atapima kama manufaa yatadumu au kama ni heri kuhamia eneo jingine.

Kwa kisima kinachochota maji kutoka tabaka la juu lililooza, mwamba haupasuliwi kabisa. Kinachohitajika ni changarawe ya kuchuja, inayojazwa kati ya bomba lenye matundu na ukuta wa kisima. Sifa zake ni zilezile: ya duara, safi, ya kwatsi na yenye ulinganifu. Kanuni inayotumika sana ni kwamba ukubwa wa wastani wa changarawe uwe mara nne hadi sita ya ukubwa wa wastani wa chembe za udongo uliopo. Ikiwa chembe hizo zina wastani wa milimita 0.25, changarawe iwe ya milimita 1 hadi 1.5. Matundu ya bomba nayo yawe madogo kiasi cha kuzuia angalau asilimia 90 ya changarawe hiyo. Changarawe ikiwa kubwa mno, mchanga huingia kisimani na kula pampu. Ikiwa ndogo mno, huzuia maji yenyewe.

Vipimo ambavyo kamati inaweza kushuhudia

Vipimo vya uimara na uduara hufanyika maabara. Lakini vipo vipimo vinne rahisi vinavyoweza kukataa shehena mbaya kabla haijashushwa kwenye gari.

Kwanza, tia mchanga hadi nusu ya chupa angavu, jaza maji, tikisa kwa nguvu, kisha acha itulie. Maji yakibaki ya tope, au tabaka laini likijitokeza juu ya mchanga, shehena haijaoshwa. Pili, tandaza chembe chache juu ya karatasi nyeusi na uzitazame kwa kioo cha kukuzia: pembe kali na vipande vinavyometameta vya ulanga huonekana mara moja. Tatu, chekecha kiasi kilichopimwa kwa chekeche mbili za ukubwa uliotajwa kwenye mkataba, kisha pima kilichobaki katikati. Nne, dondoshea siki au juisi ya ndimu juu ya unga wa chembe zilizosagwa. Mapovu yakitokea, mna chokaa ndani yake.

Sheria, afya na mazingira

Kisima kirefu huchimbwa kwa kibali. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, vibali vya eneo hili hushughulikiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanza kazi Julai 2019, ndio wenye wataalamu wa wilaya wanaopaswa kusimamia kazi kwa niaba ya wananchi, huku vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, CBWSO, vikimiliki usimamizi wa kila siku.

Mchanga wa mtoni nao una sheria yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto zinazoweza kuharibu mazingira hayo. Itakuwa hasara kijiji kupata kisima na kupoteza mto. Uchimbaji wa mchanga ufanyike mahali palipoidhinishwa.

Vumbi la kwatsi ni hatari kwa mapafu. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka silika ya fuwele inayovutwa kwa hewa katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Vijana wanaopewa kazi ya kuchekecha walowanishe mchanga kwanza, na wavae barakoa zinazozuia vumbi. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi.

Mwisho, kupasua mwamba karibu na uso wa ardhi kunaweza kuunganisha kisima na choo cha jirani. Kizibo kikae chini ya bomba la kinga lililozibwa kwa saruji, na maji yapimwe maabara baada ya kazi, kabla ya mtu yeyote kuyanywa.

Maswali kabla ya kulipa

Kamati inayoketi na mkandarasi iulize na kuandika majibu yake kwenye mkataba. Kisima kilitoa lita ngapi kwa saa kabla ya kupasuliwa, na nani alishuhudia? Mwamba ni itale au shisti, na je, unahitaji chembe kweli? Kama zinahitajika, ni za ukubwa gani, zimetoka wapi, na zimeoshwa vipi? Utoaji utapimwa tena lini: siku hiyohiyo tu, au pia baada ya mwezi na baada ya kiangazi?

Swali la mwisho lina uzito kuliko yote. Karibu kila ufa hutoa maji siku unapofunguliwa. Chembe zilizochaguliwa vizuri, au uamuzi wa busara wa kutozitumia, huonekana thamani yake Agosti na Septemba, wakati mabonde yamekauka na watu 250 bado wanahitaji lita zao 25 kila siku.